Mdudu wa Sufu na Msitu wa Mihemloki

Kila mtoto aliyecheza chini ya mwembe mkubwa ajua ya kuwa mahali pale majani hayasitawi. Mwembe haukuyang'oa majani hayo, bali umeyanyima jua. Nje ya kivuli nyasi ni ndefu. Ndani ya kivuli ardhi ni tupu kama ua uliofagiliwa. Sasa fikiri msitu mzima wa namna hiyo, ambao msafiri aweza kutembea ndani yake muda mrefu asilione jua ila vipande vidogo vidogo, kama sarafu zilizotawanyika njiani. Kisha fikiri kivuli chote hicho kimeondolewa katika muda wa miaka kumi tu. Je, itaota mimea gani mahali pale? Mbegu zake zitatoka wapi? Na ule mti wa kwanza, utarudi au hautarudi?

Hayo si mambo ya kuwaza tu. Yametukia katika milima na mabonde ya mashariki ya Marekani, na hata leo yanaendelea. Aliyeyaleta ni mdudu asiyepita ukubwa wa kichwa cha pini.

Mti wenyewe huitwa mhemloki. Jina hilo limepewa pia mmea mmoja wa Ulaya wenye sumu, lakini mmea ule na mti huu havina udugu wo wote. Mhemloki ni wa ukoo wa misonobari. Majani yake ni mafupi, kiasi cha sentimita 1 au 2, nayo ni bapa. Na ukiligeuza jani utaona chini yake mistari miwili myeupe iliyonyooka. Wakati wa baridi, miti mingi ya nchi ile ipukutishapo majani ikabaki mifupa mitupu katika theluji, mhemloki hubaki na majani yake mabichi. Kwa kawaida hufika urefu wa mita 30, na katika milima ya kusini mingine imepita mita 50. Mti huu hauna haraka. Waweza kuishi zaidi ya miaka 800.

Tabia yake kubwa ni uvumilivu wa kivuli. Tukihesabu ya kuwa mwanga wa jua ulioko juu ya msitu ni sehemu 100, basi mche wa mhemloki waweza kuishi ukipata sehemu 5 tu. Miti mingine ingekufa kwa njaa, kwa maana mmea hujitengenezea chakula chake kwa nguvu ya mwanga. Lakini mche huu hukaa pale chini ya wazee wake, haukui sana wala haufi, ukingoja. Imeonekana miche isiyozidi unene wa kidole gumba, nayo ina umri wa miaka 100. Siku moja upepo huangusha mzee mmoja, jua huingia kwa tundu lile, na mche uliongoja miaka mia huanza kupanda juu. Hivyo ndivyo msitu wa mihemloki ulivyojirithi wenyewe tangu zamani: baba huanguka, na mtoto yuko pale pale tayari.

Wageni hawapati nafasi kwa urahisi katika nyumba hiyo. Kwanza giza huwazuia. Tena majani ya mhemloki yaangukapo huwa na uchachu, huoza polepole sana, yakafanya tandiko nene juu ya udongo. Na mbegu ndogo ikiangukia tandiko hilo huota kwa shida. Udongo wa chini yake ni baridi, una rutuba kidogo. Kwa hiyo chini ya mihemloki mimea ni michache: kangaga hapa, kichaka pale, na miche ya mihemloki yenyewe. Walakini wako viumbe wapendao sana mahali kama hapo. Wako ndege wadogo wanaojenga katika matawi yale mazito. Kulungu hukimbilia huko wakati wa baridi, kwa kuwa matawi huizuia theluji isirundikane chini. Na vijito vipitavyo katika kivuli hicho huwa na maji baridi hata katika majira ya joto, nao samaki wasiovumilia maji ya vuguvugu hukaa humo.

Mti huu ulikwisha kupata adui kabla ya mdudu, naye ni mwanadamu. Katika karne ya 19 watu walikata mihemloki mingi mno kwa ajili ya gome lake, kwani lina dawa ya kutengenezea ngozi, kama vile magome ya mikoko ya pwani yetu yalivyouzwa ng'ambo kwa kazi iyo hiyo. Mara nyingi waliondoa gome, wakaliacha gogo lioze. Hata hivyo mahali pengi miche ilibakia, na msitu ukarudi.

Adui wa pili alikuwa wa namna nyingine. Mwaka 1951 huko Virginia, karibu na mji wa Richmond, mdudu mmoja alionekana juu ya mihemloki, naye hakuwa amepata kuonekana upande ule wa Marekani. Asili yake ni Japani. Alisafiri juu ya miche iliyoletwa kupamba bustani. Wamarekani humwita kwa jina lenye maana ya sufu, na sababu yake ni wazi: jike hujifunika kwa nyuzi nyeupe za nta, hata ukikigeuza kitawi cha mti ulioshikwa, utadhani mtu amebandika vipande vya sufu ya kondoo chini ya kila jani. Kwa hiyo na humu aitwe mdudu wa sufu. Ni jamaa ya karibu ya vidukari, wale wadudu wanyonyao maharagwe na mahindi mashambani.

Mdudu huyu hali majani. Ana mrija mwembamba kama unywele, mrefu kuliko mwili wake, naye huuchoma mahali jani linaposhikamana na kitawi, akanyonya chakula ambacho mti umejiwekea akiba. Akiisha kuuchoma hukaa pale pale maisha yake yote. Mdudu mmoja si kitu. Lakini katika mashariki ya Marekani wadudu hawa wote ni majike, hawahitaji dume, na kila mmoja hutaga mayai mengi. Tena huzaa vizazi viwili kila mwaka. Jambo la ajabu ni majira yake. Wakati wa joto, wadudu wengine wote wakiwa kazini, yeye hulala. Na baridi ianzapo yeye huamka, akala mpaka masika. Kwa hiyo wadudu na ndege ambao wangeweza kumla, yeye aamkapo wao wamelala au wamehama.

Mti ulioshikwa hauna tena akiba ya kutoa machipukizi. Mwaka wa kwanza vitawi vya mwisho havichipui. Kisha majani yageuka rangi, kutoka kijani hata kijivu, yakaanguka. Mingine hufa katika muda wa miaka 4, mingi huchukua kadiri ya miaka 10, na michache huendelea zaidi, lakini imedhoofika. Upepo huwachukua watoto wa mdudu huyu waendako. Ndege huwabeba miguuni. Wanyama huwapata katika manyoya. Na watu huwasafirisha mbali kuliko wote, kwa kuuza miche. Kabla ya mwaka 1990 walikuwa wamefika Connecticut na Massachusetts upande wa kaskazini. Mwaka 2002 walionekana katika milima ya Great Smoky upande wa kusini. Na mwaka 2017 walionekana Nova Scotia, katika Kanada.

Huenda mtu akauliza, ikiwa mdudu huyu ni mkali hivi, mbona hakuimaliza mihemloki ya Japani? Ni kwa sababu kule wamekaa pamoja tangu enzi na enzi. Mihemloki ya Japani yajua kumstahimili, nao wako mbawakavu wadogo wanaomla. Alipovuka bahari aliwaacha adui zake nyuma, akakuta mti usiomjua. Mambo kama hayo yamepata kuonekana katika Afrika pia. Mwaka 1986 kidukari mmoja mgeni alionekana Malawi, na mwaka 1990 akafika Kenya, akaanza kukausha misaipresi katika mashamba ya miti na katika nyua za watu. Misaipresi ile nayo ilikuwa mgeni, asili yake Mexico. Basi mgeni alimkuta mgeni mwenziwe katika nchi isiyokuwa yao. Lakini tofauti ni hii: misaipresi ya Kenya ilipandwa na watu kwa safu, na mti wa safu ukifa, mwenye shamba hupanda mwingine. Msitu wa mihemloki haukupandwa na mtu.

Turudi sasa msituni, majani yalipoanza kuanguka.

Jua huingia. Hufika kwanza vipande vikubwa, halafu hufika kila mahali, na udongo uliokuwa baridi huota moto. Vijidudu vya udongoni hufanya kazi upesi zaidi, lile tandiko la majani machachu huanza kuoza, na rutuba iliyofungwa ndani yake hufunguka. Kwa mmea wo wote ulio karibu, siku hiyo ni sikukuu. Katika Connecticut, wenye elimu ya misitu walipoyapima mahali yalipokufa mihemloki, waliona ya kuwa aliyetangulia kuja ni mti mmoja uitwao mbetula mweusi. Gome la mti huu ukilikwaruza lanukia vizuri kama dawa ya kuchua. Mbegu zake ni ndogo mno, zina mbawa mbili nyembamba, na upepo huzipeperusha mbali hata juu ya theluji. Tena nyingine huweza kulala udongoni miaka kadhaa zikingoja nafasi. Basi miche yake iliota kwa wingi kama shamba la mchicha. Pamoja nayo yalikuja magugu yapendayo jua, na mahali pengine vichaka vya kigeni vyenye miiba, na mimea itambaayo iliyotoroka katika bustani za watu.

Mhemloki je? Mbegu zake hazidumu udongoni. Zisipoota upesi huoza. Na ile miche yenye subira, iliyongoja chini ya wazee wake miaka 50 au 100? Hapa ndipo mdudu wa sufu apitapo upepo na moto na shoka kwa ubaya. Upepo huangusha wazee ukawaacha watoto. Mdudu huyu hachagui: hunyonya mzee, hunyonya na mche usiozidi kimo cha goti. Kwa hiyo jua liingiapo, wale ambao urithi ulikuwa wao hawapo tena, au wamebaki wagonjwa wasioweza kushindana na mibetula. Msitu hubadilika ukoo.

Isidhaniwe ya kuwa kila mahali mrithi ni mbetula. Katika milima ya kusini, upande wa North Carolina, mihemloki ilikuwa mingi kando ya vijito, na chini yake kilikuwapo tangu zamani kichaka kiitwacho rododendroni. Majani yake ni mapana na magumu, hayapukutiki wakati wa baridi, nacho huvumilia kivuli. Mihemloki ilipokufa, rododendroni ilipata mwanga ambao haikuuzoea, ikanenepa, ikafungana matawi. Chini ya kichaka hicho kuna giza pengine kuliko lile la kwanza, wala hapaoti mche wa mti wo wote kwa urahisi. Basi kando ya vijito vile hakuna msitu mpya ulioanza. Kuna vichaka, na juu yake miti mikubwa iliyokauka inayoanguka mmoja mmoja. Mdudu ni yule yule, mti uliokufa ni ule ule, lakini mwisho wa mambo haukuwa mmoja, kwa sababu majirani waliokuwa karibu siku ya msiba hawakuwa wa namna moja.

Hata maji yalibadilika. Mhemloki hunywa maji mwaka mzima, kwa kuwa una majani mwaka mzima. Mbetula hunywa majira ya joto tu, lakini hunywa sana. Katika mabonde ambayo mibetula na miti mingine ya namna yake hushika mahali pa mihemloki, wakati wa baridi maji mengi zaidi huachwa yashuke kijitoni, na wakati wa joto, samaki wayahitajipo, miti huvuta zaidi kuliko zamani.

Mtu aliyejifunza hesabu aweza kusema: "Lakini zamani palikuwa na aina chache za mimea, na sasa pana aina nyingi, si faida hiyo?" Ni kweli, hesabu huongezeka. Mimea mingi hukusanyika penye jua na rutuba mpya. Lakini mibetula na magugu yale yapatikana kila mahali katika nchi ile, penye ukingo wa barabara na penye shamba lililoachwa. Msitu wa giza wa mihemloki haupatikani mahali pengine po pote. Mwenye duka aliyepoteza kitambaa kimoja cha hariri akapata vipande kumi vya marekani amezidisha vitu vyake, lakini haifai kumpongeza upesi.

Iko habari nyingine yenye mafunzo, nayo ilifanywa makusudi. Katika mji mdogo wa Petersham, Massachusetts, Chuo Kikuu cha Harvard kina msitu wake wa kujifunzia. Mwaka 2003 wataalamu walipima humo viwanja vinane, kila kimoja mita 90 kwa mita 90. Walijua ya kuwa mdudu wa sufu yuko njiani, nao walitaka kujua mambo mawili: msitu utakuwaje ukifa polepole kwa mdudu, na utakuwaje watu wakiikata mihemloki kabla hajafika. Maana wenye misitu wengi walikuwa wameshikwa na hofu, wakaanza kuikata na kuuza magogo yake ingali mizima. Basi mwaka 2005 katika viwanja viwili walikata gome kuzunguka shina la kila mhemloki, kama wafanyavyo wakulima wafyekapo pori wakaiacha miti mikubwa ikauke yenyewe. Katika viwanja viwili vingine waliangusha mihemloki na kuyaondoa magogo. Viwanja vilivyobaki havikuguswa.

Miti iliyokatwa gome ilichukua kadiri ya miaka miwili kufa, ikabaki imesimama, ikidondosha majani na vitawi kidogo kidogo. Jua liliingia kwa kiasi, na mimea mipya ilikuja taratibu. Lakini palipokatwa miti jua liliingia kwa siku moja, na mashine za kuvutia magogo zilichimbua udongo. Mimea mipya ikaota mingi na kwa upesi, mibetula pamoja na vichaka na magugu. Kwa hiyo wenye misitu waliokata miti yao kwa kumwogopa mdudu waliuharakisha ule mgeuko ambao walitaka kuukimbia. Yafaa kuwahurumia, kwa maana mti mzima una bei, na mti uliokauka hauna. Walakini jambo lenyewe ndivyo lilivyo. Kabla ya mwaka 2011 mdudu mwenyewe alifika Petersham, akaingia hata katika viwanja vile visivyoguswa.

Je, mhemloki umepata kutoweka na kurudi zamani? Naam, mara moja, na ushahidi wake u katika matope. Kila mwaka miti humwaga chavua, yaani unga wa maua, na unga huo ukianguka ziwani huzama, ukahifadhika katika tope tabaka juu ya tabaka. Wataalamu huchimba tope hilo kwa bomba refu, wakazihesabu chembe za unga kwa darubini. Walipofika tabaka za kadiri ya miaka 5,500 iliyopita, waliona chavua ya mihemloki imepungua ghafula katika maziwa mengi, na ya mibetula imeongezeka. Wengine husema ni wadudu walioiua, wengine husema ni ukame. Vyo vyote iwavyo, mihemloki ilichukua zaidi ya miaka 1,000 kurudia wingi wake. Safari ile ilibaki michache ya kurudisha mbegu.

Kazi inayofanywa leo ni kuilinda hiyo michache. Katika hifadhi na bustani, watu hutia dawa katika udongo kando ya shina. Mizizi huivuta ikapanda mpaka vitawini, na mdudu aliyechoma mrija wake hufa. Dawa hiyo hulinda mti kwa miaka kadhaa, kisha lazima itiwe tena. Lakini hutiwa mti mmoja mmoja, na msitu una miti isiyohesabika. Tena kando ya vijito lazima waitumie kwa hadhari kubwa, isiue viumbe vya majini. Kwa hiyo wametafuta pia wale walao mdudu huyu. Tangu mwaka 1995 mbawakavu walioletwa kutoka Japani wamefunguliwa katika misitu, na tangu mwaka 2003 wamefunguliwa wengine, wadogo, weusi, waliotolewa upande wa magharibi wa Marekani yenyewe. Hao weusi wana tabia iliyotakiwa: nao huamka wakati wa baridi. Mahali pengine wamezaana na kuenea, ingawa bado hawajaweza kumshinda adui yao peke yao.

Baridi kali nayo husaidia, kwani kaskazini usiku mmoja wa baridi mno waweza kuua wadudu wa sufu wengi sana. Lakini majira ya baridi katika nchi zile yamepungua ukali kuliko zamani, na kila yanapopungua mdudu husogea mbele. Mbele yake bado iko misitu mikubwa ya mihemloki, hata upande wa Maziwa Makuu, yenye giza lake lote. Na chini yake iko miche minene kama kidole, ingali ikingoja.